Anko, karatasi ya bitcoin ya marehemu imelowa na shemeji kashapiga picha

Anko shikamoo. Naomba unisikilize mpaka mwisho maana nimeandika nikafuta mara tatu.

Mi ni mama wa watoto watatu, naishi Igombe huku Ilemela, kazi yangu dagaa, nanunua wabichi alfajiri mitumbwi ikirudi, naanika, wakikauka napeleka Mwaloni pale Kirumba. Mume wangu alifariki 2021 kwa kuumwa. Alikuwa fundi simu mjini maeneo ya Makoroboi na mambo ya intaneti alikuwa anayapenda kuliko kula.

Sasa mwanzoni mwa 2017 alichukua laki sita, na hapo laki mbili ilikuwa mtaji wangu kabisa wa dagaa, naikumbuka vizuri maana tulinuniana wiki nzima, akasema ananunua bitcoin, hela ya mtandaoni. Wakati huo bitcoin moja ilikuwa inacheza kwenye dola elfu moja hivi. Akanunua kwa mtu akapata 0.24. Nikamuuliza haya hela iko wapi, akanionyesha karatasi. Kweli anko, karatasi! Ameenda stesheneri kaiprinti na kuilaminesheni kama cheti cha kuzaliwa, akaniambia Mama K hii ikipotea hela imepotea, hakuna makao makuu ya kwenda kulalamika. Nikaiweka kwenye sanduku la bati chini ya kitanda pamoja na vyeti vya watoto.

Ziwa lilivyopanda 2024 maji yakaingia mpaka chumbani usiku, sanduku likakaa kwenye maji mpaka asubuhi. Vyeti nilivianika, hii karatasi nikaona ina leminesheni sikuihangaikia. Nimekuja kuitoa juzi baada ya mwanangu K (yuko kidato cha tatu) kusema bitcoin ilishafika dola laki moja, tukapiga hesabu ni karibu milioni sitini za kwetu, nilikaa chini.

Hali yake ni hivi. Kushoto kuna kiboksi cha vidoti vile vya kuskani na chini yake maandishi yanaanza na 1, huku pazima kabisa. Kulia kuna kiboksi kingine na mstari mrefu wa herufi na namba unaanza na L kubwa. Huku ndo kuna msiba. Leminesheni iliachia kwenye kona ya kulia, maji yakaingia, wino umeondoka, pamebaki peupe, na kiboksi kona moja hakionekani. Halafu katikati palikuwa na mkunjo, napo maji yamepita, pamekuwa na wingu la zambarau. K kakaa na taa ya simu akahesabu nafasi 52, zinazosomeka 44, tatu za katikati ziko kwenye wingu na tano za mwisho hazipo kabisa. Ameziandika kwenye daftari lake. Sijakuwekea hapa maana roho ilikataa.

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu anakaa Buhongwa, alivyosikia alikuja siku hiyo hiyo. Akapiga picha karatasi nzima kwa simu yake kabla sijasema kitu. Anasema kuna mtaalamu anamjua kwa WhatsApp anarudisha hizi vitu ndani ya masaa 24, anataka laki nne ya kuanzia ya kufungulia mfumo. Anasema tubandue leminesheni tupige pasi karatasi inyooke. Anasema pia hii ni hela ya ukoo na kwamba bitcoin serikali imekataza, mwanamke nikikutwa nayo nitapata shida bora akae nayo yeye. Nimemuuliza kama ile picha ameshaituma kwa huyo mtu, akanijibu "we mama K unaniona mi mwizi?" akaondoka.

Anko hela ipo au haipo? Laki nne nitoe? Na huyu shemeji nimfanyeje bila kuvunja undugu, maana ndo aliyesimamia msiba wa kaka yake.

Mama K, Igombe


Marahaba Mama K, na pole sana kwa kuondokewa na baba K, na pole ya ile wiki mliyonuniana pia, maana inaonekana mzee alikuwa ameona mbali.

Laki nne usitoe. Hilo tulimalize hapa hapa kabla hujasoma mengine. Kwenye bitcoin hakuna kitu kinaitwa ada ya kufungulia mfumo. Ada ipo moja tu, ya kuhamisha, na hiyo inakatwa humo humo kwenye hela yenyewe siku unahamisha. Wale wanaofanya kazi hii kwa ukweli wanakata asilimia yao baada ya hela kupatikana, hawaombi ya soda kwanza. Mtu anayetaka kutanguliziwa na anaahidi masaa 24 kwa karatasi ambayo hajaiona, huyo anavua kama wengine, wewe ndo sangara.

Sasa nilitaka nianze na karatasi ila inabidi nianze na ile picha, na utaona kwa nini.

Kwanza ujue hiyo karatasi yenyewe si hela. Hela iko kwenye daftari kubwa la dunia nzima ambalo kila mtu anaruhusiwa kulisoma, na yale maandishi ya kushoto yanayoanza na 1 ni kama namba ya akaunti. Hayo hata ukiyabandika kwenye mti pale stendi hakuna wa kukuibia. Ya kulia yanayoanza na L ndo ufunguo, na ufunguo hauna jina la mtu, mwenye nao ndo mwenye mali, awe mjane wa Igombe au kijana yuko nchi nyingine huko hamjawahi kuonana. Kwa hiyo leo hii, kabla ya jua kuzama, mwambie K aandike ile namba ya kushoto kwenye tovuti yoyote ya kuangalizia blokicheni, yaani hilo daftari kubwa, zipo nyingi za bure. Itaonyesha iliingia kiasi gani 2017 na kama bado ipo. Hiyo haina hatari yoyote. Ikionyesha sifuri basi utakuwa umeokoa laki nne na usingizi. Ikionyesha 0.24 soma haraka yanayofuata.

Ule mstari wa kulia una nafasi 52 kwa sababu umeanza na L, unaoanza na K nao ni 52, wa zamani zaidi unaoanza na 5 una 51. Kwa hiyo K kahesabu vizuri, mpe hongera. Kila nafasi inaweza kuwa moja kati ya alama 58, yaani namba na herufi kubwa na ndogo zikitolewa nne zinazochanganya macho: sifuri, O kubwa, I kubwa, na l ndogo. Hizo hazipo kabisa kwenye ufunguo wa bitcoin. Sasa namuomba K afungue daftari lake aangalie, maana nina uhakika wa asilimia tisini ameandika sifuri mahali. Kama ipo, hapo kasoma vibaya, arudi kwenye karatasi aangalie kama si D au Q au o ndogo. Na akiona kitu kama l ndogo basi ni namba moja au i ndogo iliyopoteza kidoti.

Herufi moja ikipotea unajaribu 58 umemaliza. Mbili, 3,364. Tatu, 195,112. Nne tayari ni zaidi ya milioni kumi na moja. Nane kama zako, ukizidisha hivyo hivyo, unafika trilioni 128 na hapo kichwa kinauma, na nadhani hiyo ndo hesabu shemeji aliambiwa ili ionekane kazi ni kubwa ya kulipiwa. Lakini angalia zilipopotelea. Tano ni za mwisho, na bahati yako imekaa hapo. Zile herufi za mwisho mwisho za ufunguo hazibebi siri, ni za uhakiki. Unajua ukituma hela kwa simu jina linatokea kwanza kabla hujaweka namba ya siri, ukiona jina la mtu mwingine unajua umekosea namba? Ndo kazi yake. Zimetengenezwa kwa kupiga hesabu kwenye herufi zilizotangulia, kwa hiyo ukiwa na za mbele, za nyuma kompyuta inazitoa yenyewe bila kubahatisha. Kwa maana hiyo nane zako kiukweli ni tatu. Laki moja na tisini na tano elfu na kidogo. Kompyuta ya kawaida, hata hii ya mkononi iliyochoka betri, inazimaliza zote maji ya chai hayajachemka, na kila inapopata moja inayokubali uhakiki inaitengenezea namba ya akaunti na kulinganisha na ile ya kushoto ambayo wewe unayo nzima. Ikilingana ni hiyo, hakuna mbili.

Umefurahi? Sasa rudi kwenye picha. Shemeji ana picha ya karatasi nzima, kushoto na kulia, herufi 44 zinazosomeka. Hesabu niliyokupigia hapa haina ubaguzi, inamfanyia kazi yeyote. Kama ile picha iko kwa huyo mtaalamu, na kama huyo mtaalamu anajua nusu ya anachojisifia, hahitaji laki nne yako wala hahitaji karatasi. Inawezekana anaomba laki nne kwa sababu ni tapeli wa kawaida asiyejua kitu, na mi naomba iwe hivyo, maana tapeli mjinga ni nafuu kwako. Lakini wewe fanya kama imeshatumwa. Hata kama hajaituma, simu nyingi zinapeleka picha zenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni, mwenye simu hata hajui. Hii ni kazi ya wiki hii, dagaa wasubiri.

Karatasi usiibandue leminesheni. Na pasi, Mama K, pasi jamani, hapana! Mi nilikaa stesheneri miaka minne kabla ya kuanza kujibu barua za watu, naujua huo wino. Kuna printa zinazotumia unga, ule unga ni kama plastiki unayeyushwa unagandishwa kwenye karatasi, hata ukiutumbukiza ziwani herufi zinabaki. Hizi nyingine za wino wa maji, hasa wakiujazia kwa sindano ule wa bei rahisi, mweusi wake ukilowa unaachana rangi, unatoa zambarau na bluu, ndo wingu lako hilo. Ukibandua plastiki, wino unaondoka na gundi. Ukipiga pasi unapika gundi ile na karatasi inakuwa keki. Ilaze bapa kivulini penye hewa, si juani, jua linaupausha wino zaidi, na wala usiikamue ile kona.

Halafu mtafute kusoma zile tatu za katikati kabla ya kuziachia kompyuta, kila mnayoisoma inapunguza kazi. Zimeni taa ya chumba, washeni tochi muilaze ubavuni mwa karatasi, siyo juu yake, plastiki ikiangaziwa kwa juu inang'aa hamuoni kitu. Jaribuni na kuiweka dirishani mwanga upite nyuma. Na kuna kitu cha kitoto kinachofanya kazi sana, yale makaratasi ya pipi ya plastiki yanayopitisha mwanga, tafuta jekundu na la bluu, muangalie kupitia hapo. Zambarau ukiiangalia kupitia wekundu au ubluu inapauka, na mweusi uliobaki chini yake unajitokeza. Mara nyingine unaona mguu tu wa herufi au kitumbo, inatosha, andika "hapa ni p au b au 6" badala ya kuacha wazi, tayari umetoka 58 umefika 3. Na kinyume chake pia, katika zile 44 K anazosema zinasomeka kuna ambazo ana wasiwasi nazo na hajasema kwa sababu ya kujiamini, watoto wa kidato cha tatu nawajua. 8 na B, 5 na S, 2 na Z, u na v. Aziwekee alama. Kompyuta ikikosa jibu mara ya kwanza, tatizo litakuwa hapo.

Kile kiboksi cha kulia nacho msikidharau. Vile viboksi vimetengenezwa na akiba ndani, vinavumilia kuharibika, kuanzia asilimia 7 mpaka 30 kutegemea alivyotengenezewa. Vina pembe tatu zenye mraba ndani ya mraba, na hizo zinafanana kwenye kila kiboksi duniani, haziandiki siri yoyote, ni za kuiambia kamera hapa ndo juu hapa ndo pembeni. Kama kona iliyofutika ni ya moja ya hizo, unaweza kuichora kwa kalamu kwenye nakala, narudia kwenye nakala, na kiboksi kikasomeka chote, ukawa huna haja hata ya hesabu. Ila msiskani kwa programu yoyote ya simu iliyo na intaneti. Kama K ameshajaribu, na nahisi amejaribu, asigombezwe, atoe ukweli tu ili mjue kasi ya kukimbia.

Nani afanye? Mtafute mtu mmoja anayejua kompyuta mnayemjua kwao, mwalimu wa kompyuta, kijana wa kanisani au msikitini anayesoma chuo, wako wengi hapa mjini wanaoandika programu. Aje kwako Igombe, mezani kwako, siyo wewe umfuate na karatasi. Picha za karibu zipigwe kwa simu ya zamani iliyofutwa kila kitu, haina laini wala WiFi. Kompyuta iwe imewashwa kwa fleshi yenye mfumo wake safi, intaneti imezimwa, na programu iwe ya wazi ile ambayo msimbo wake unasomwa na kila mtu, zipo za bure za kazi hii, au kijana mwenyewe aandike mistari yake hamsini kwa Python, lugha ya kuandikia programu, kwa herufi tatu haizidi hapo. Wewe kaa kiti cha pembeni ukiwa unamwangalia mikono. Mlipe kazi yake vizuri, usimlipe chai, mtu aliyelipwa vizuri analala.

Kabla ya hiyo siku, muwe na waleti mpya tayari, yaani programu ya simu ya kutunzia ufunguo wa bitcoin. Inatoa maneno 12, yaandike kwa penseli. Usicheke, penseli hailowi, ungekuwa na maandishi ya penseli leo tusingekuwa hapa. Nakala mbili, moja kwako, moja kwa mama yako au dada yako wa mbali na ziwa. Halafu fanya jaribio ambalo watu wanaruka: futa ile waleti kwenye simu, irudishe kwa yale maneno, ikirudi na namba ile ile ya akaunti ndo uiamini. Ufunguo wa zamani ukipatikana, uingizwe na hela YOTE ihamishwe kwa mara moja kwenda waleti mpya, dakika hiyo hiyo. Usihamishe kidogo kwanza eti ujaribu, usiuache ule ufunguo umekaa kwenye simu mpaka kesho. Baada ya hapo picha ya shemeji inakuwa picha ya karatasi tu, aiweke hata profile.

Kuhusu serikali, shemeji kachanganya mambo. Benki Kuu ilitoa tangazo Novemba 2019 kwamba fedha halali hapa ni shilingi na kuwaonya watu wasifanye biashara ya hizi sarafu za mtandaoni wala kuzitumia, hilo kweli. Lakini Juni 2021 Rais Samia akiwa hapa hapa Mwanza kufungua jengo la Benki Kuu aliwaambia wajiandae nazo, na sheria ya fedha ya 2024 ikaleta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye miamala ya mali za kidijitali. Sasa nionyeshe ni wapi huko kote pameandikwa mwanaume ndo akae nayo. Siku ya kuuza itakuja, usikutane na mtu na bahasha hotelini, na usimwambie mtu wa nje ya familia kiasi, hata wale mnaoanika nao dagaa.

Shemeji sasa. Mi simuiti mwizi, na wewe usimuite. Kasimamia msiba wa kaka yake, ana uchungu wake, na milioni sitini inamchanganya mtu yeyote akili. Ila kuna vitu viwili amevichanganya yeye. Hela ya marehemu ni mirathi, ina watoto watatu, ina mjane ambaye laki mbili ya mtaji wake imo humo ndani kabisa, na mirathi ina njia yake, kikao cha ukoo kinakaa, msimamizi anapendekezwa, anathibitishwa Mahakama ya Mwanzo. Kama hamjawahi kufanya tangu 2021, fanyeni, na wewe mwenyewe unaweza kupendekezwa kuwa msimamizi. Hapo kwenye kikao useme yote, kiasi, lini ilinunuliwa, nani alitoa nini. Ila ufunguo hauingii kikaoni. Wazee wanagawana mali, hawagawani funguo.

Na kwake mfuate mwenyewe, usitume mtoto, nenda na dagaa wako wa kukaanga umkute nyumbani mke wake yupo. Mwambie shemeji nakuamini, ndo maana nimekuja kwako kabla ya wazee, nataka nijue kitu kimoja tu, ile picha ilifika kwa nani. Usimuulize ametuma au hajatuma, muulize ilifika kwa nani. Akisema imefika, usipige kelele, shukuru, chukua bajaji rudi, umpigie kijana wa kompyuta aje jioni hiyo hiyo badala ya Jumamosi. Na mwalike awepo siku ya kazi, akae sebuleni aone hela inavyohama. Akijionea mwenyewe, maneno ya kwamba umeficha hayatapata pa kuanzia.

Atakutajia yule jamaa wa Wales, wanamtaja wote, James Howells, ambaye hard disk yake yenye bitcoin kama elfu nane iliishia dampo la Newport mwaka 2013 na Januari 2025 mahakama ikamkatalia kesi ya kulifukua. Mwambie yule hana hata herufi moja mkononi. Nyie mnazo 44.

Wakati mnasubiri, pekueni vitu vya marehemu, fleshi, simu mbovu za kazini kwake, kompyuta kama ilikuwepo, barua pepe. Ile karatasi ilikuwa faili kabla ya kuwa karatasi, na mafundi simu hawatupi kitu. Faili likipatikana zima haya yote ya pipi na tochi mnayaacha.

Kitu cha mwisho, na hiki usikiguse mpaka bitcoin iwe imeshahama salama. Tarehe 1 Agosti 2017 bitcoin iligawanyika, ikazaliwa nyingine inaitwa Bitcoin Cash, na kila aliyekuwa na bitcoin siku hiyo alipata kiasi kile kile cha hiyo mpya kwenye ufunguo ule ule. Mzee alinunua mwanzoni mwa mwaka. Kama hakuwahi kuigusa, kuna 0.24 nyingine humo, bei yake ni ndogo sana ukilinganisha, lakini mtaji wako wa laki mbili nadhani utarudi na faida. Kijana aitoe siku ya pili, kwa waleti yake tofauti.

Halafu lile daftari la K. Kesho asiende nalo shule.